Tarakimu ya Tatu Iliyoifuturisha Arlington Kabla ya Magharibi

Saa nne asubuhi, Jumamosi. Swafwani Abdulsalam ameketi kwenye meza ya jikoni mjini Euless, jirani na Arlington, kompyuta iko wazi, chai imepoa mpaka imefanya utando. Kwenye skrini kimebaki kisanduku kimoja cha kujaza: namba ya toleo. Anaandika 4.0.0. Anaifuta. Anaiandika tena.

"Watu wanafungua saumu kwa namba yangu, ndugu yangu," anasema. "Namba hii hii."

Swafwani, 43, mzaliwa wa Mombasa, hupakia mizigo ya ndege kwa dola 19 kwa saa. Machweo, programu huria ya kuadhini misikitini kwa wakati wake, haimpi hata senti. Aliianza miaka tisa iliyopita akiwa Houston. Misikiti 140 ikaichukua.

Kila toleo lina tarakimu tatu. Ikibadilika ya kwanza, mambo yamegeuka, soma maelezo kabla hujaigusa. Ikibadilika ya tatu, ni kiraka tu, rekebisho dogo, na mashine za misikitini hukipokea zenyewe.

Ramadhani iliyopita alitoa 3.2.1. Ndani yake alikuwa amebadilisha namna ya kuhifadhi mahali msikiti ulipo, na kila msikiti ulitakiwa kujaza upya. Usipojaza, programu ilichukua saa za Houston.

"Nilikuwa nime-tire, natoka shift, mie nikaona ni kitu kidogo. Maelezo niliandika. Lakini nani asome maelezo ya kiraka?"

Misikiti ya mbali iligundua papo hapo, maana saa zilikosewa waziwazi. Arlington, anakoswali yeye, jua huzama dakika kama saba tu baada ya Houston. Siku hiyo mawingu yalitanda. Adhana ikalia, watu mia na themanini wakafuturu jua halijazama, naye akiwa katikati yao na tende mdomoni.

Aligundua kesho yake. Alisimama msikitini akasema mwenyewe.

"Wote ikawabidi wailipe siku ile. Mama mkwe wangu ana sukari. Tulimwambia ana ruhusa, akakataa, akafunga, akaanguka. Na siwezi kufunga kwa niaba yake. Hilo ndilo linaniua."

Msikiti umerudi kwenye ratiba ya karatasi ukutani. Misikiti tisini imeitoa Machweo. Ameomba mtu aichukue programu hiyo, na hakuna aliyejibu.

Nyumbani ndiko kubaya zaidi. Alhamisi wakifunga sunna, adhana ya Machweo ikilia kwenye simu, mkewe Khairiya, muuguzi, hutoka hadi maegesho, akatazama magharibi, akarudi. Ndipo husogeza sahani ya tende.

"Angenigombeza ningepumzika."

Mpango wake ni hiyo 4.0.0, ambayo mashine haitaipokea mpaka mtu asome na kukubali. Anajua huenda asiisome mtu.

"Ramadhani ijayo nataka mke wangu anipe tende bila kutoka nje. Basi, sitaki zaidi."

Khairiya yuko kwenye sinki, amemsikia.

"Nitatoka tu, baba Sabra," anasema bila kugeuka.