Krismasi ya Mwezi wa Kumi

Niulizeni mimi Krismasi huanza lini. Kwetu Otonglo huanza mwezi wa kumi, siku ile jirani yangu anayeuza spea za pikipiki anapoamua kuburuta spika yake hadi mbele ya duka. Watoto bado wako shuleni, mvua bado inatupiga, naye anatugongea nyimbo za Krismasi tangu asubuhi. Yawa, huyu mtu!

Ningevumilia, kama si mama. Naishi naye tangu akili ilipoanza kumpotea. Hajui tena mwezi wala mwaka, lakini nyimbo zile anazijua, na anajua maana yake: mdogo wangu anakuja. Mdogo wangu anafanya kazi Mombasa, na huja nyumbani Krismasi tu. Basi wimbo wa kwanza ulipolia, mama alivaa gauni la kanisani, akatoa kiti nje, akakaa akitazama barabara.

"Amefika wapi?" akaniuliza.

"Mama, Krismasi bado. Huu ni mwezi wa kumi."

"Kwani mimi ni kiziwi?"

Kila siku hivyo hivyo. Nikirudi kutoka kufundisha namkuta pale pale, chai imepoa, swali ni lile lile. Mwishowe akaamuru jogoo achinjwe. Alikuwa akimfuga kwa ajili ya mwanawe, na kwetu jogoo wa mgeni haonjwi kabla mgeni hajaingia. Akapika, akafunika sufuria, akatukataza kuonja hadi nyama ikachacha. Nilipoimwaga alilia kama mtoto. Nikatoka mbio hadi dukani kwa jirani.

"Zima hiyo kitu!"

"Mwalimu, pole pole. Krismasi ni ya kila mtu."

"Krismasi ni Desemba, bwana! Mama yangu anakufa kwa kungoja!"

Habari za mama jirani hakuwa nazo. Aliona haya, akazima, na hakuwasha tena. Mama akarudi ndani, akasahau. Nami nikajiona bingwa.

Mkesha wa Krismasi mdogo wangu akaingia na mabegi yake. Mama alimtazama, akampa mkono kwa adabu.

"Karibu, baba. Kaa. Mwanangu ndiye hayupo. Yeye huja Krismasi."

"Mama, ni mimi. Kesho ni Krismasi."

"Krismasi gani isiyo na wimbo?"

Mdogo wangu akatoka nje, akasimama nyuma ya nyumba akilia. Nikajaribu kupiga wimbo kwenye simu. Kasauti kenyewe kadogo, mama hakugeuza hata kichwa. Nikakimbilia kwa jirani. Alikuwa anafunga duka aende ushago, kijijini kwao.

"Washa!"

"Mwalimu, si wewe uliyesema..."

"Washa, nakuomba!"

Spika ikanguruma, nami nikarudi mbio nikamwingiza mdogo wangu ndani. Mama akaacha kumenya viazi, akainua uso. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, akamshika mdogo wangu mashavu kwa mikono yenye maji.

Mdogo wangu amesharudi Mombasa. Jirani aliniachia spika, na sasa ni Januari, inalia mlangoni pangu, na wapita njia wananiuliza kama nimerukwa na akili. Mama yuko kwenye kiti chake na gauni la kanisani, ananiuliza amefika wapi. Nimechoka, jamani, nimechoka. Lakini nikizima, atamsahau.