Mkanyaga Sifongo wa Kerkennah

Cha kwanza alichokiona Dorra kwa yule mkanyaga sifongo ni jinsi alivyotega sikio. Kila sifongo mbichi aliyetolewa baharini, mweusi na wa kuteleza, alimbandika sikioni, akasikiliza, ndipo akamtupa chini na kumkanyaga ili kumsafisha, mpaka maziwa ya kijivu yakatoka.

"Unasikiliza nini, ami? Hana moyo, hana tumbo, hana ubongo. Ni matundu tu yanayovuta maji."

"Kama mume wa shangazi yako," alijibu mzee bila kucheka.

Baadaye mwaka huo maradhi yaliwaua sifongo wote wa ghuba inayozunguka visiwa vya Kerkennah, akabaki mmoja, naye nusu ameoza. Dorra alisimulia aliyofundishwa chuoni, kwamba sifongo akichujwa kwenye kitambaa, chembe zake hujikusanya upya. Mzee akavua kilemba, akaikamulia humo ile nusu isiyooza, ikachuruzika kama vumbi ndani ya beseni la maji ya bahari. Kufikia alasiri vumbi lilikuwa likitambaa, chembe ikitafuta chembe, hadi kikajiunda kidonge. Kikifunguka tundu na kuanza kuvuta maji, ghuba itapata mbegu.

"Usisogee, binti," ananong'ona mzee. "Ametuona."

Dorra anajua sifongo hana macho. Hata hivyo hasogei, anangoja tundu la kwanza.