Vigelegele Kwenye Kikao cha Bajeti

Haya, sogea karibu unisikilize, na kama unataka kunicheka nicheke sasa hivi umalize, kwa sababu mimi mwenyewe nikiikumbuka siku ile ya kikao mjini Rockville, huku ughaibuni, uso unaniwaka moto, hata nikiwa peke yangu garini nasubiri taa iwe ya kijani. Niliaibika mbele ya kipaza sauti, mbele ya bosi wangu, na mbele ya kina mama wazima waliovaa kanga za sare, na yote hayo nilijitakia kwa kunyamaza tu.

Kwanza nikueleze kazi yangu, taratibu, usiogope, haina ugumu. Mimi ni mchambuzi wa bajeti wa jimbo. Kila mwaka idara za serikali huomba fedha, hii inataka za barabara, ile za shule, na sisi wachambuzi tunayasoma maombi yao, tunawauliza maswali ya kuudhi (hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda), kisha tunaandika: hapa wapeni, hapa punguzeni, hapa ngojeni kwanza. Halafu kamati ya wabunge inakaa mbele ya watu, mchambuzi anayasoma mapendekezo yake, na wao ndio wanaoamua. Wao, si mimi. Sina ufunguo wa sanduku lolote. Nilianza kama karani wa kuingiza takwimu, nikasoma jioni miaka mingi mpaka nikaipata nafasi hii, na wakati wa mkasa huu nilikuwa bado kwenye miezi ya kujaribiwa, natembea kazini kwa ncha za vidole.

Sasa, wiki chache kabla ya kikao changu cha kwanza, kulikuwa na arusi Riverdale Park, na nikakaa meza moja na Bi Rukia. Bi Rukia ni rafiki wa mama yangu tangu Mombasa, kanilea nusu, na anaishi na mwanawe wa kiume ambaye kutwa yuko kazini. Miguu yake mibovu. Kinachomtoa nyumbani ni gari la kituo cha wazee, linalompitia asubuhi na kumrudisha alasiri, na kule kituoni ndiko anakosukwa nywele, anakocheza karata, anakogombana na wenzake, yaani ndiko anakoishi. Meza ile walikuwa wanaulizana habari walizozisikia, kwamba magari yale huenda yakasimamishwa, na fedha zake zinatoka kwa jimbo.

Bi Rukia akanipiga bega. "Nyinyi mnahangaika nini? Huyu Zuhura ndiye anayegawa fedha za jimbo. Mwanetu huyu! Magari yatasimama vipi na yeye yupo?"

Wote wakanigeukia, mama mmoja akaniongezea nyama kwenye sahani. Nami ningeweza kusema pale pale, "Bi Rukia, mimi sigawi, napendekeza tu." Maneno machache hayo. Lakini mdomo ulikuwa umejaa, na (nikuambie ukweli) ilikuwa mara ya kwanza watu wazima kunitazama hivyo tangu nifike nchi hii, ikanoga. Nikatabasamu, nikatafuna.

Kesho yake kazini nikakabidhiwa mafaili yangu, na ndani yake, unadhani nini? Magari ya wazee.

Hapo ndipo usingizi ulipoanza kunipaa. Idara inayosimamia magari yale ilitakiwa kuleta ripoti ya jinsi inavyoyatumia, haikuleta, ikakumbushwa, haikuleta. Na kanuni yetu iko wazi, asiyeleta hesabu ya fedha za jana hapewi za kesho mpaka alete. Nikaandika fedha zizuiwe hadi ripoti ifike. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikainuka kunywa maji, nikarudi, nikainuka kunywa maji ambayo sikuyataka. Mapendekezo ni siri mpaka yatolewe, kwa hiyo sikuweza kumwambia Bi Rukia. Ningeweza kumwambia bosi, mtu mkimya asiyependa vitu vya ghafla, kwamba namfahamu mama anayepanda gari lile, lakini nikajiambia kila mtu anamfahamu mtu anayepanda kitu fulani. Basi sikumwambia yeyote chochote, isipokuwa mama, nikamwomba aniombee dua kwa sababu nitazungumza mbele ya kamati, na safari hii kikao kinafanyika Rockville ili wananchi wafike kwa urahisi.

Ile "wananchi wafike kwa urahisi" mama akaipeleka kwenye kundi la simu la kina mama.

Siku yenyewe nilifika mapema mno, nikazunguka maegesho ya magari kama niliyepoteza kitu, nikaingia, nikatoka, nikaingia. Nikakaa kwenye kiti changu mbele. Nikasikia nyuma yangu sauti ninayoijua: chupa ya chai inafunguliwa. Nikageuka. Kina mama, safu mbili nzima, kanga za aina moja kutoka kichwani hadi kiunoni, na Bi Rukia katikati na fimbo yake, ananipungia mkono. Kwetu mtoto wa mtu akiwa na siku yake hasindikizwi na mtu mmoja, anasindikizwa kwa sare. Mama mwenyewe hakuwepo, alikuwa na zamu Arlington anakomhudumia mzee mmoja, lakini alikuwa ametuma jeshi.

Bosi akaniinamia. "Hawa ni nani?"

"Wananchi," nikasema.

Mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo mwenye subira, akaniita kwa jina. Zuhura. Jina lilipotoka tu, Bi Rukia akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka barabara kuu, na wenzake wakampokea. Mwenyekiti akacheka, akaomba watu wafurahie mwishoni. Nikaanza kusoma kwa Kiingereza chetu kile cha bajeti, kikavu, na nilipofika kwenye magari ya wazee nikapaza sauti, nikasema: napendekeza fedha hizi zizuiwe zote mpaka idara ilete ripoti.

Bi Rukia anajua Kiingereza cha dukani na cha hospitali. Alisikia "wazee", akasikia "magari", akanisikia mimi, Zuhura wake, natamka kwa nguvu. Vigelegele vikapanda mara mbili ya vile vya kwanza.

Mjumbe mmoja wa kamati akavua miwani. "Nimekaa hapa miaka mingi, ni mara ya kwanza kuona watu wanashangilia kunyimwa."

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikitumaini mambo yataishia hapo. Lakini wakati ule ule akaingia Wambui, nesi Mkenya wa bara aliyewaleta kwa gari la kanisa lake na ambaye muda wote huo alikuwa anatafuta pa kuliegesha. Akachukua nakala ya mapendekezo mlangoni, akasoma, akawainamia kina mama, ambao kila mmoja humwita shosho, yaani bibi, nami nikamsikia vizuri sana: "Shosho, mbona mnashangilia? Hapa wameandika pesa ya gari isimame."

Nakala zetu haziandikwi jina la mtu, zinaandikwa jina la ofisi, kwa hiyo hawakujua kwamba aliyeandika ni mimi.

Bi Rukia akasimama. Alisimama polepole, kwa fimbo, na mwenyekiti akamuuliza kama angependa kuzungumza, kwani raia yeyote anaruhusiwa. Akaulizwa anazungumza lugha gani. Wakapiga simu ya huduma ya ukalimani, ikatuchezea muziki, tukasikiliza muziki, ukumbi mzima. Bi Rukia hakuwa na subira ya muziki. Akaninyooshea fimbo.

"Mbona Zuhura yupo? Zuhura, mwanangu, njoo unisemee."

Mwenyekiti akanitazama. Bosi akanitazama. "Unaweza?" akauliza mwenyekiti.

Kukataa kungetaka maelezo ambayo ningepaswa kuwa nimeyatoa wiki kadhaa nyuma. Nikasema naweza. Nikaenda kukaa kando yake, naye akanishika mkono, wake mkavu, wangu umelowa jasho.

"Mwambie mwenyekiti salamu zangu," akaanza. "Mwambie nina miguu miwili mibovu na mwana mmoja mwema, lakini mwana yuko kazini. Gari lile lisipokuja, mimi kutwa nazungumza na friji. Na friji nayo haijibu."

Nikatafsiri. Watu wakacheka kwa upole, nikaanza kupumua.

"Sasa huyo aliyeandika lisimame, muulize, ni mtu mzima huyo? Anadhani yeye hatazeeka? Mama yake hakumfunza kwamba mzee hafungiwi ndani kama kuku?"

Nikageukia kipaza sauti, nikasema kwa Kiingereza kwamba mwandishi wa mapendekezo pengine hakuzingatia hali za wazee.

Bi Rukia akaniminya kidole. "Mbona fupi hivyo? Mimi nimesema maneno mengi."

"Nimefupisha, Bi Rukia."

"Nani kakwambia ufupishe? Sema yote. Na la mama yake useme, na la kuku."

Nikasema yote. Kukalimani kunataka useme "mimi" kama yule unayemsemea, kwa hiyo nilikaa pale nikiuliza kwa sauti yangu mwenyewe, mbele ya wabunge, kama mama yangu alinifunza. Yule mjumbe wa miwani akaanza kutikisika mabega. Mwenyekiti akajizuia, akaniambia kwa upole:

"Tafadhali mweleze mama kwamba aliyeandika ndiye anayemkalimania."

Nami ni mkalimani, lazima nikalimani. Nikamgeukia. "Bi Rukia, mwenyekiti anasema... aliyeandika ni mimi."

"Sema tena?"

"Ni mimi."

Akauachia mkono wangu. Kisha akaisogelea maiki mwenyewe, akasema, "Mwambie lile la mama yake nalifuta. Mengine yabaki."

Nikatafsiri, ukumbi ukaangua kicheko. Mimi sikucheka, naye hakucheka.

Kamati ikayafuata mapendekezo yangu, magari yakasimama kuanzia kesho yake, ila idara ikapewa muda mfupi tu wa kuleta ripoti. Kikazi nilikuwa sahihi. Bosi alinivuta pembeni akaniambia kitu kimoja tu, kwamba siku nyingine nikimjua hata paka anayehusika na faili langu nimwambie kabla, na miezi yangu ya kujaribiwa ikaongezwa. Mama akapiga simu akiwa bado kazini: "Nasikia sikukufunza."

Lakini kilichoniuma ni Bi Rukia kwenye korido. Wenzake walikuwa wameshatangulia garini na Wambui, yeye anakunja kanga yake taratibu.

"Kwa kuzuia sikukasirikii," akasema. "Kazi ni kazi. Lakini pale arusini ungeniambia tu, 'Mama, mimi si mwamuzi.' Ningejipanga. Wewe umeniacha nipige vigelegele."

Nikamwambia kesho asubuhi nitampitia mimi, akasema hataki. Asubuhi nikaenda, nikapiga honi. Siku ya kwanza hakutoka. Siku ya pili alitoka, akakaa kiti cha nyuma kama abiria wa teksi. Nilimpeleka hivyo kila siku nikielekea kazini, nachelewa, napishana na malori, hadi ripoti ilipofika na magari yakarudi. Na kufikia wakati huo alikuwa ameshahamia kiti cha mbele na ananifundisha kuendesha.

Nami bado ni mchambuzi, na mtu akinitambulisha kuwa nagawa fedha namkatiza hata kama kinywa kimejaa. Wewe nakuomba ufanye hivi: vikao vya bajeti ya jimbo viko wazi kwa kila mtu, basi kama kuna huduma unayoitegemea, jiandikishe kuzungumza kabla ya siku yenyewe, na unapojiandikisha omba mkalimani wa kamati, asiwe jamaa yako.