Mtindi Uliobaki kwenye Friji

Mtaani walimwita Mzee Hamira, na hata mkewe alimwita hivyo alipotaka kumtania. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa mikate kiwandani, akiamka wakati wenzake ndiyo kwanza wanageukia ubavu wa pili, mpaka vumbi la unga lilipomjaa kifuani na daktari akamwambia achague, tanuri au pumzi. Akachagua pumzi. Nyumbani hakuwahi kuoka chochote. Kinyozi hajinyoi, alikuwa akisema, na mkewe akimjibu kwamba kinyozi huyu hata wembe unapowekwa hapajui.

Mkewe alianza kuumwa koo mwezi ule ule mume aliostaafu. Kwanza nyama ilimshinda, kisha mkate, kisha wali. Mwisho ukabaki mtindi. Mzee Hamira akawa ananunua kopo kubwa kila baada ya siku mbili, anamchotea kwenye kikombe, anamlisha kwa kijiko cha chai. Waliokuja kumjulia hali hawakujua, au walijua wakakosa kingine cha kubeba; wakaleta machungwa na malimau, mfuko juu ya mfuko. Mgonjwa aliyanusa tu. Tone moja la limau lingemchoma koo kama kaa la moto.

Walikuwa na binti mmoja, muuguzi katika hospitali ya mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Mama alikataza binti asiambiwe. Huko aliko ana wagonjwa wa kumtosha, alisema. Kwa hiyo kila binti alipopiga simu alijibiwa kwamba mama ana mafua, mama amelala, mama katoka kidogo. Siku aliyopigiwa na jirani, alipanda basi la kwanza, na alipofika akakuta viti vimeshapangwa nje.

Siku ya nne baada ya maziko, watu wakiwa wameshatawanyika, binti alijifunga kitambaa kichwani akaanza kusafisha friji. Tangu afike hakuwa amemsemesha baba yake zaidi ya "shikamoo" na "chakula tayari". Akatupa chupa za dawa, akatupa supu iliyochacha. Kopo la mtindi lililobaki nusu akalitia kwenye ndoo ya taka bila kulitazama, na machungwa yaliyoanza kunyauka yakafuata.

Mzee Hamira aliinuka kitini, akaiinamia ile ndoo kwa shida, akalitoa kopo. Akalifuta kwa mkono wa shati, akalifungua, akanusa. Mtindi ulikuwa mzima.

"Kijiko chake hakijaingia humu," alisema. "Nilikuwa namchotea kwa kijiko safi. Nitaoka keki."

Binti alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyeanza kuweweseka, akaendelea kupangusa friji.

Shida ni kwamba mzee alijua kuoka kwa magunia. Ungemuuliza maji ya kukandia mikate mia nne, angekujibu usingizini; mayai ya keki moja hakuyajua. Alimimina unga kwenye bakuli kwa kukisia, ukawa kilima, akapunguza, akaongeza, na vumbi likamwingia. Binti alivumilia mpaka kikohozi kilipompinda baba yake juu ya meza. Hapo akamwondolea bakuli mikononi. Alisema, bila kumwangalia, kwamba kipimo ni kikombe: kimoja cha mtindi, viwili vya sukari, vitatu vya unga, nusu ya mafuta, na mayai matatu. Mayai yalikuwepo mawili. Sukari haikufika, wakatia iliyopo. Bekingi pauda ilikuwa imeganda chini ya kopo lake, binti akaikwangua kwa ncha ya kisu.

Baba akapewa kazi ya kuparuza maganda ya malimau na ya machungwa waliyoyatoa ndooni na kuyaosha, juu juu tu, maana ule weupe wa chini una uchungu. Jikoni kukanukia vizuri kuliko kulivyonukia kwa miezi. Mchanganyiko ukamiminwa kwenye chombo cha mkate, chombo kikaingia oveni, na wote wawili wakawa hawana tena cha kushika.

"Mama yako alinikataza nisikuambie," mzee alisema. "Hilo ni kweli. Lakini wiki ya mwisho alibadili. Aliniomba nikuite. Nikamwambia nimeshakupigia, uko njiani."

"Ulinipigia?"

"Sikukupigia."

Alijieleza kwa vipande vipande, kikohozi kikimkatiza. Alimwogopa yeye, binti yake mwenyewe, kwa kazi yake na jicho lake. Angeingia tu mlangoni angejua kwamba mama yake anakufa, naye angelitamka neno hilo. Maadamu hakuna aliyelitamka mle ndani, mzee aliona kama bado siku ipo. Kila asubuhi alishika simu, na kila asubuhi akasema kesho.

"Alinisubiri siku ngapi?"

"Tano. Mlango ukilia anageuza kichwa."

Binti alikwenda kwenye oveni akaifungua, kabla ya wakati kabisa, kwa sababu tu mikono yake ilitaka kufanya kitu. Keki ikazama katikati. Akaufunga mlango, akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, akalia kwa sauti ndogo. Mzee hakujua amwendee au abaki alipo. Akabaki alipo.

Ilipoiva, binti alikata kipande akala amesimama, mpaka mwisho, polepole, kama mtu anayemeza dawa. Mzee alimega kipande kidogo, akakirudisha mezani.

"Imeiva," binti alisema. "Lakini sijakusamehe, baba."

Alfajiri aliondoka na basi la kwanza. Keki iliyobaki mzee aliipeleka kwa jirani, akarudi akaketi ukumbini.

Wiki tatu simu haikulia. Ilipolia, binti aliuliza kama kifua kinabana, kama makohozi yana damu, kama dawa anameza. Mzee akajibu hapana, hapana, ndiyo. Binti akakata. Tangu hapo hupiga kila Jumapili mchana, maswali yale yale. Wakati mwingine maswali huisha na hakuna anayekata. Mzee husikia magurudumu ya vitanda yakipita huko hospitalini.

Jumapili moja binti aliuliza mama yake alikuwa akisema nini katika zile siku tano. Mzee akaanza na siku ya kwanza, alichosema asubuhi, alichosema mchana, hadi pumzi ikamwishia, wakaishia hapo. Kila Jumapili humsimulia kidogo. Mpaka sasa wamefika siku ya tatu.