Balk ya Hawise binti Thurstan

Waswahili husema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Hawise alikuwa binti wa Thurstan, mlimaji mkuu wa bwana mwenye ardhi pale Elmstow. Hakuzaliwa kushika plau, lakini tangu ana miaka saba alitembea mbele ya maksai wanane na fimbo mkononi, akiwaita kila mmoja kwa jina lake. Jioni miguu ilimvimba kwa tope, na baba yake akamfunza maneno ya kazi huku wanakula uji wa njegere.

Neno alilolipenda Thurstan kuliko yote ni *balk*.

"Zamani za mababu," alimwambia, "balk ilikuwa tuta tu, udongo ulioinuka. Halafu watu wakaliita hivyo lile tuta la majani linaloachwa kati ya shamba langu na lako, lisiguswe. Na mlimaji mbovu akirusha plau, akaacha kipande hakijalimwa, nacho wakakiita balk, kumcheka. Neno moja, mwanangu. Maana moja ya heshima, moja ya aibu. Angalia usije ukazichanganya."

Hawise aliolewa na Osbern, mtu mpole aliyependa pombe ya shayiri na hakuficha. Waliishi miaka kumi na minne. Osbern akafa kwa homa baada ya mavuno, akamwachia mabinti wawili na vipande vya ardhi vilivyotawanyika katika mashamba matatu ya kijiji. Kimoja kilipakana na cha jirani yake Wymark.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, Wymark alipeleka plau yake hadi kwenye ukanda wa majani uliotenganisha mashamba yao, akaanza kuupindua. Alikuwa amefika nusu ya urefu wake mlinzi wa mashamba alipomwona, akapuliza baragumu, akamsimamisha.

Shauri likaletwa barazani, mbele ya msimamizi wa bwana na wazee kumi na wawili wa kijiji. Wymark hakukanusha. Alisimama kifua mbele.

"Nimelima, ndiyo. Ile ni balk, nani anabisha? Lakini ni balk ya kosa! Osbern, Mungu amrehemu, alikuwa akilima kichwa kimejaa pombe, plau inaruka kama mbuzi. Aliacha majani upande wangu mwaka baada ya mwaka. Mpaka wa kweli uko kule kwake ndani."

Baraza likaangua kicheko. Hata msimamizi aliuma mdomo. Hawise alihisi uso unawaka moto, si kwa ajili ya ardhi tu, bali kwa ajili ya marehemu aliyekuwa kaburini bila ulimi wa kujitetea.

"Osbern alikunywa," akasema. "Mbona nyie nyote mlikunywa naye? Lakini sikuja kubishana kwa mdomo. Bwana msimamizi, twende shambani. Na mtu anipe sepetu."

"Mwanamke na udongo wapi na wapi!" Wymark akadakia.

"Twende, basi, tukaone," akasema mzee Godric, mkubwa wa wale kumi na wawili.

Wakaenda wote. Hawise alisimama kwenye ile nusu ya ukanda iliyobaki, akavunja majani, akachimba mpaka sepetu ikazama nusu ya mpini. Akatoa bonge zima, akaliweka miguuni mwa Godric.

"Papasa, baba. Kama Osbern ndiye aliyeruka, si kabla yake plau ilipita hapo? Udongo wa chini ungekuwa laini, umechanganyika. Huu je?"

Godric akapiga magoti. Mizizi ilikuwa imesukana kama mkeka, na chini yake udongo mgumu, umepangika tabaka kwa tabaka, ambao chuma hakijaugusa tangu dunia iumbwe. Akaupitisha kwa wenzake, mmoja mmoja, na hakuna aliyecheka.

"Huu haujalimwa kamwe," akasema. "Ni mpaka."

"Sawa, mpaka," Wymark akanung'unika. "Lakini huyu mjane ardhi yenyewe ataifanyia nini? Nani amemlimia mwaka huu?"

"Nimelima mwenyewe," akajibu Hawise.

Wote wakageuka kukitazama kipande chake. Mifuo ya plau ilinyooka kutoka mwanzo hadi mwisho kama nyuzi kwenye kitanda cha mfumaji. Godric alitembea urefu wote, akarudi, kisha akavuka kwenda kwa Wymark, akaanza kuhesabu kwa sauti.

"Balk moja hapa. Nyingine hii. Na ile kule, tatu! Wymark, ndugu yangu, wewe hunywi, sasa nani alikuwa anaruka?"

Safari hii kicheko kilisikika hadi kanisani. Msimamizi akaamuru Wymark arudishe kila bonge la majani kwa mikono yake mwenyewe, ili mpaka ukae kama ulivyokuwa. Alifanya kazi hiyo siku tatu, na kila aliyepita alimsalimu kwa sauti kubwa.

Hawise hakuenda kumtazama. Siku hizo alikuwa na mabinti zake, akiwafundisha kufunga nira.

Tangu hapo, watu wakigombania mipaka, hata wa vijiji jirani, walimwita Hawise na sepetu yake. Walipomuuliza alijifunza kwa nani, alijibu "Kwa Thurstan," akiwa amenyoosha shingo. Na kila mara aliongeza, bila kuulizwa, kwamba mumewe Osbern alilima vizuri.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, Wymark alibisha hodi akiwa na maksai wake wawili. Mmoja wa maksai wa Hawise alikuwa amekufa, na hakuna mtu Elmstow aliyeweza kukokota plau bila ng'ombe wa jirani.

"Nimesikia umepungukiwa," akasema, macho chini.

Hawise aliwakagua wale maksai, akawapapasa mabega, akaridhika.

"Wana nguvu. Haya, jirani, shika fimbo utangulie mbele. Plau nashika mimi."

Wymark akaenda mbele.