Urea Tuliyotia Trekta la Vitengeni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifanya kosa la kusifu moshi. Trekta liliwashwa pale karakana ya Malindi, likatoa wingu jeusi, nami kijana wa Muyeye nisiyejua kutofautisha spana na nyundo nikapaza sauti, "Hilo lina nguvu!" Msimamizi wa Karakana, mtu wa Mambrui asiyevua kofia hata akilala chini ya injini, akanitazama kwa huruma. "Ewe bwana, hiyo ni dizeli iliyokosa kuungua. Nozeli za kunyunyiza dizeli zimechoka. Ukisifu moshi tena nitakupeleka jikoni ukasifu kuni." Wenzangu walinicheka wiki nzima.

Baada ya miaka mingi ya grisi nilihamishiwa Ganze, chini ya Meneja wa Mitambo, bwana wa kutoka bara aliyependa daftari kuliko chai. Yeye ndiye aliyenipa desturi niliyoifuata mpaka nikastaafu: kabla ya kununua trekta, chunguza kwanza wiki yake. Litalima saa ngapi? Litasimama likinguruma saa ngapi? Nani atatia dizeli, naye ataitoa wapi? "Trekta halinunuliwi kwa macho," alizoea kusema. Nilimwona msumbufu, mpaka yalipokuja matrekta ya siku hizi yenye mitambo ya kusafisha moshi. Hapo nilimwombea dua.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, chama cha wakulima wa Vitengeni kiliniita niwachagulie trekta jipya. Miaka yote walikodi, na trekta la kukodi lilifika mvua ikishapita. Walitaka jambo moja tu: trekta lao wenyewe, liwe shambani siku mvua inapoanguka. Niliwaahidi.

Muuzaji alikuwa na aina mbili. La kwanza lilikuwa na chujio la masizi ndani ya bomba la moshi. Chujio hukusanya masizi, kisha bomba likipata moto mkali masizi huungua yakaisha. Hilo linalifaa trekta linalolima kutwa. Lakini nilikaa Vitengeni siku saba na daftari langu, nikaona kazi inayolingoja: kulima kidogo, kuvuta tangi la maji, kisha kusimama kisimani likinguruma polepole kuendesha pampu. Moto wa kuchoma masizi ungetoka wapi? Chujio lingeziba. La pili lilitumia maji ya urea, yenye tangi lake dogo, yanayonyunyizwa kwenye moshi ili kuivunja hewa yenye sumu kabla haijatoka nje. Nikachagua hilo, na mpaka leo nasema nilichagua vyema.

Kwenye mkutano wa wakulima, Mbodze, mweka hazina wa chama, aliinua mkono. "Shikamoo, fundi. Hayo maji ya urea ndiyo nini?"

"Marahaba, mama. Ni urea tu, ile ile mnayotia mahindi. Msiogope."

Watu wakapiga makofi, kichwa changu kikavimba.

Mvua za kwanza zilipoanguka, Mbodze alinipigia simu. "Fundi, trekta linatambaa. Kuna taa imewaka."

"Mmetia nini?"

"Ulivyotuambia. Maji yake yalikwisha, nikanunua urea duka la mbolea, nikaikoroga kwa maji ya kisima. Nimechuja kwa leso mara mbili."

Mara mbili, maskini! Urea ya trekta hupimwa kiwandani na kuchanganywa na maji yasiyo na chumvi hata chembe. Kisima cha Vitengeni kina chumvi ya kutosha mchuzi. Kompyuta ya injini ilitambua uchafu ule, ikapunguza nguvu.

Nilipofika nilimkuta Mwenyekiti wa Chama akimfokea Mbodze mbele ya wanachama wote. "Umetuharibia trekta, mama!" Nilibakiza mwezi mmoja nistaafu, na jina langu lilikuwa safi. Ningeweza kunyamaza. Nikaingia katikati yao, nikasema, "Bwana Mwenyekiti, mwache. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia ni ile ile."

Nilimwaga tangi lile, nikalisuuza kwa maji safi ya kiwandani, na nozeli ya kunyunyiza urea, iliyoganda chumvi, tukaagiza nyingine Mombasa. Ilichukua siku nne, na siku zote nne mvua ilinyesha vizuri ajabu. Trekta lilipopona lililima mchana kutwa. Mbodze alikataa kutangulizwa, akisema ni mkono wake uliotia maji yale. Shamba lake lililimwa mwisho, udongo ukianza kukauka.

Sasa nimestaafu, na vijana huja nyumbani kuniuliza lipi linunuliwe. Nawaambia waandike wiki ya trekta, kisha wamtafute atakayelijaza, wamshikishe dumu lenyewe la maji ya urea, wamweleze mpaka awachoke. Mke wangu anasema siku hizi nikiulizwa saa naanza na historia ya jua. Na aseme.

Wakati wa mavuno Mbodze alikuja kwangu na kikapu cha mahindi.

"Shikamoo, fundi. Nimekuletea ya shambani kwangu."

"Marahaba, mama. Mbona mafupi hivi?"

"Mafupi kama maelezo yako."

Tulicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Mbodze akajifuta machozi kwa leso, akanisukumia kikapu, akaniambia kwa upole kwamba hayo ndiyo marefu kuliko yote aliyovuna.