Sifa ya Mgongo wa Chuma

Nakumbuka siku moja niliposifiwa nikafurahi, na furaha ile ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa kuli, mwanangu, nashusha magunia ya mchele kwenye godauni moja Changamwe, kijana wa Likoni mwenye mabega ya kujionyesha. Wenzangu wakibeba gunia moja, mimi nabeba mawili. Ujinga wa ujana, usinicheke.

Wiki hiyo mgongo ulinikaza. Karani wetu Salim, kijana mweupe wa nyumba kubwa ya mjini, naye wake ulimkaza kwa kukaa kutwa. Tukaenda pamoja kwa daktari. Salim alipigwa picha ya mgongo, akaandikiwa dawa na mapumziko ya wiki mbili. Ilipofika zamu yangu, daktari hata shati hakunivua. Alinigonga begani akasema, "Nyinyi weusi mmeumbwa na migongo ya chuma. Nenda kazini, mgongo utaachia wenyewe."

Nikacheka. Wallahi, nilitoka pale kifua mbele, nikawahadithia wenzangu.

Mzee Hamisi, mkubwa wetu sisi makuli, hakucheka. "We Juma, mtu akwambia huumwi, nawe wamshukuru? Kesho rudi, umwambie akutazame."

"Naam, mzee," nikajibu, lakini sikurudi. Kibarua asipoonekana getini asubuhi, nafasi yake huchukuliwa na mwingine. Tena, nisikufiche, ile sifa nilikuwa nimeshaipenda. Nikaendelea na magunia yangu mawili mpaka siku niliposhindwa kuinuka kitandani.

Sasa naswali juu ya kiti. Salim, rika langu, yu safu ya mbele, anasujudu bila taabu. Simwonei kijicho, ni mtu mwema. Lakini safu nzima inaposhuka nami nikabaki juu peke yangu, natamani, mwanangu. Natamani mpaka machozi yananilengalenga. Kuliweka paji hili juu ya mkeka mara moja tu kabla sijafa, sitaki kingine.

Kwa hiyo nisikize. Mwili ukikuuma, sema unauma. Usikubali mtu akupimie maumivu kwa rangi yako wala kwa kazi yako, hata akikupimia kwa maneno matamu. Akikwambia wewe mgumu, usiondoke mpaka akutazame. Na ukijaaliwa kuwa daktari, mvue kuli shati umpime kama umpimavyo karani.

Haya, nenda. Mola akufikishe uzeeni ukiwa unasujudu, na unainuka mwenyewe.